Mlango wa Lamu una sheria, medali ya Kasarani haina

Ukiwa na mlango uliochongwa Lamu kabla ya mwaka wa 1946 na ukataka kuupakia melini ukauuze Ulaya, serikali ya Kenya itakuuliza kibali kiko wapi. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inautaja mlango wa aina hiyo waziwazi, pamoja na fremu yake, kuwa kitu kinacholindwa. Lakini ukiwa na medali ambayo Mkenya aliitwaa Mexico City mwaka wa 1968, unaweza kuitia kwenye mfuko wa koti, ukapanda ndege pale JKIA, na sheria hiyo haina la kukuambia isipokuwa waziri awe ameitangaza rasmi kuwa kitu cha kulindwa. Vitu vya kale vinavyolindwa bila kungoja tangazo ni vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Wakati huo reli haijafika hapa na Nairobi ni kinamasi tu. Historia karibu yote ya michezo ya nchi hii imetokea baadaye.

Sisemi haya kwa kuwa nataka sheria kali. Kila inaposikika kwamba medali ya bingwa fulani imeonekana mnadani ng'ambo, hakosekani wa kudai mauzo yapigwe marufuku. Mimi simo. Medali ni ya aliyeitolea jasho, na aliyekimbia ni yeye, si wizara. Kama bili ya hospitali au karo ya wajukuu imembana, na kuna mtu mwenye bei nzuri, auze. Linaloniudhi ni kwamba ikishauzwa sisi huku hatubaki hata na picha yake, wala uzani wake, wala karatasi inayosema ilitoka mikononi mwa nani ikaingia mikononi mwa nani. Hayo yote yangeweza kufanyika bila kumnyang'anya mtu chochote.

Wakusanyaji wa medali Nairobi si wengi, na waliopo hawajitangazi. Wengi walianzia kwenye sarafu na stempu, wakahamia medali walipoona kwamba sarafu ya zamani ina bei inayojulikana na kila mtu, ilhali medali ya michezo bado inauzwa na watu wasiojua walichonacho. Zinapatikana wapi? Mara nyingi kwenye vitu vya nyumba, mtu anapohama au mzee anapofariki na watoto wakaamua kufyeka stoo. Vitu hivyo huishia kwa wauzaji wa mitumba na wa vyuma chakavu, vikichanganywa na vijiko, kufuli zisizo na funguo na zile senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati.

Hapo ndipo nilipoiona moja, ndani ya mkebe wa biskuti. Kipande kidogo cha shaba, kipana kidogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini, kikiwa na mkimbiaji upande mmoja na mahali pa kuandikia jina upande wa pili.

"Hiyo nimeipiga Brasso leo asubuhi," mama aliyekuwa akiuza akaniambia. "Angalia inavyong'aa, kijana wangu."

"Mama, hii ilitoka wapi?"

"Ilikuja na gunia. Wewe unataka kununua ama unataka kuniuliza maswali?"

Nikanunua. Upande wa nyuma hapakuwa na jina. Palikuwa na mikwaruzo ya msumari ambayo Brasso ilikuwa imeanza kuila: 4 x 110 Y. Hiyo ni mbio ya kupokezana kijiti, kila mkimbiaji akikimbia yadi 110. Yadi ziliondoka kwenye riadha ya huku mwishoni mwa miaka ya 1960. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka wa 1966 kule Kingston, ambako Kipchoge Keino alishinda maili 1 na maili 3, ndiyo ya mwisho kupimwa hivyo, na ile ya Edinburgh mwaka wa 1970 ikaja na mita. Kwa hiyo kijana aliyechukua msumari akaandika vile alikuwa amekimbia katika Kenya ya kikoloni au katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na alikuwa na wenzake watatu. Shaba yenyewe haikuweza kuniambia hata moja kati ya hayo. Mikwaruzo ndiyo iliyosema, nayo ilikuwa imebakiza wiki chache za kusuguliwa ipotee.

Kwa sababu hiyo niweke hapa ombi kwa yeyote aliye na medali ya babu kabatini: usiisugue. Ile rangi ya kahawia inayojitengeneza juu ya shaba ni sehemu ya umri wake, mnunuzi mzoefu akiona inang'aa kama bomba jipya hushusha bei papo hapo. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, uiweke mbali na unyevu, basi.

Wanaodhani thamani iko kwenye madini wanajidanganya zaidi wanapofika kwenye dhahabu. Medali za Olimpiki zilizokuwa dhahabu tupu zilitolewa kwa mara ya mwisho Stockholm mwaka wa 1912. Tangu hapo bingwa hupewa fedha iliyopakwa dhahabu, na kanuni ya siku hizi inataka gramu zisizopungua 6 tu za dhahabu juu yake. Mwizi atakayeiyeyusha ya Naftali Temu, aliyeshinda Mexico City, hatatajirika. Sasa ilikuwaje mwaka wa 2013 medali moja ya mkimbiaji Mmarekani Jesse Owens ya Berlin 1936 ikanunuliwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.4? Owens alishinda 4 pale, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika hii ilikuwa ya shindano lipi. Kilichojulikana ni njia iliyopitia: Owens alimpa rafiki yake, mchezaji dansi Bill "Bojangles" Robinson, na muuzaji akawa ni warithi wa mjane wa Robinson. Njia hiyo, pamoja na Hitler aliyekuwa jukwaani mwaka ule, ndiyo iliyolipiwa mamilioni.

Medali za Wakenya zina njia kama hizo, ila hazijaandikwa. Na bila maandishi, mnunuzi mwangalifu hana pa kushika zaidi ya chuma chenyewe. Chuma nacho husema mambo, ukijua pa kutazama. Chukua ile ya Mexico City. Temu alipoifungulia Kenya mlango wa dhahabu katika mita 10,000, na siku chache baadaye Amos Biwott katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kisha Keino katika mita 1,500, wote watatu walivishwa mchoro wa Mwitaliano Giuseppe Cassioli uliokuwa ukitumika tangu Amsterdam 1928. Mbele ameketi yule mungu wa kike wa ushindi, mkono mmoja umebeba jani la mtende na mwingine umeinua taji, na nyuma yake kuna ukuta wa matao unaofanana na Koloseo, ule uwanja wa kale wa Roma. Michezo ni ya Wagiriki, jengo ni la Warumi! Kosa hilo lilidumu hadi Sydney 2000, Athens ilipopata nafasi ya kulifuta mwaka wa 2004. Upande wa pili, mwanamichezo amebebwa mabegani na umati.

Sasa, Keino alirudi Munich mwaka wa 1972, akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji na kupata fedha katika mita 1,500. Upande wa mbele wa medali za Munich ulibaki ule ule, lakini nyuma Wajerumani waliweka kazi ya Gerhard Marcks: vijana wawili pacha, Kastor na Poluksi, wakiwa uchi. Akija mtu na "medali ya Munich" ambayo nyuma yake bingwa amebebwa mabegani, mwambie asante na uendelee na safari yako. Feki nyingi hukamatika kwa mambo madogo kama hayo. Nyingine hukamatika kwa mizani ya gramu, au kwa ukingo: medali halisi ya Olimpiki hugongwa kwa mashine, mistari yake ikawa mikali, ilhali ya kuigiza mara nyingi humiminwa kwenye kalibu na huacha vitundu vidogo vya hewa na sura zilizolegea, kama kwamba mtu amezipitisha sabuni.

Lakini dhahabu, nadhani, imetupumbaza. Nikiambiwa nichague medali moja ya kuelezea ilivyoanza safari ya Kenya kwenye Olimpiki, sitachukua ya Temu. Nitachukua ile ya kila mtu. Tangu mwaka wa 1896 waandaaji wa Olimpiki wametoa medali ya ukumbusho kwa washiriki na maafisa, wawe wameshinda au wametoka mikono mitupu. Melbourne 1956, Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza ikiwa bado koloni, medali hiyo ilichorwa na Andor Mészáros, ikionyesha wanamichezo wakiandamana. Nyantika Maiyoro alikimbia mita 5,000 huko akamaliza wa saba. Mtu wa saba hapandi jukwaani. Kwa hiyo ukikusanya medali za washindi peke yake, hadithi yako ya Kenya itaanza Tokyo 1964, kwa shaba ya Wilson Kiprugut Chuma katika mita 800, na safari yote ya nyuma yake itakuwa haipo: yule wa saba, makocha, na wenzao walioondolewa kwenye raundi ya kwanza.

Soko halitaki kusikia hayo. Medali ya mshiriki huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya mshindi, na kwa mkusanyaji wa Nairobi mwenye mshahara wa kawaida hiyo ni habari njema. Kwa historia ni habari mbaya, kwa sababu kitu cha bei ndogo hakitunzwi.

Bei za soko zina upofu mwingine unaotugusa sisi kuliko wengi. Mwaka wa 1978 Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hajatokea mwingine wa kufanya hivyo. Olimpiki hakuwahi kukimbia, kwa sababu Kenya iligomea Montreal 1976 kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na mwaka wa 1980 ikaunga mkono mgomo wa Marekani dhidi ya Moscow, hata Muhammad Ali akatumwa na Rais Carter kuja huku kuupigia debe. Rono alifariki Februari 2024 hapa Nairobi bila medali ya Olimpiki. Kwa orodha za bei za ng'ambo, yeye ni mtu wa daraja la pili, maana dhahabu zake za mwaka ule ni za Michezo ya Afrika kule Algiers na za Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Mkusanyaji wa Nairobi anayefuata orodha hizo bila kufikiri anaisaidia dunia kumsahau Rono. Kama kuna kipande cha Algiers 1978 mahali fulani katika jiji hili, hata kiwe beji ya afisa wa timu, mimi ningekipa nafasi ya juu kuliko dhahabu nyingi za baadaye.

Na kuna yale yaliyofanyika hapa hapa nyumbani. Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika ya 4, na uwanja wa Kasarani ukiwa bado unanuka rangi mpya, Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, wakafika fainali na kufungwa bao 1-0 na Misri. Desemba mwaka huo huo, kwenye uwanja uleule, Gor Mahia ikatoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia baada ya 2-2 kule Tunis, ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini. Ndani ya miezi mitano uwanja mmoja ulitoa medali za fedha zenye uchungu na za dhahabu ambazo mashabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, bado wanazisimulia kama za juzi. Ukiongeza mbio za nyika za dunia zilizofanyika Mombasa mwaka wa 2007, mashindano ya riadha ya Afrika uwanjani Nyayo mwaka wa 2010, yale ya dunia ya chini ya miaka 18 mwaka wa 2017 na ya chini ya miaka 20 mwaka wa 2021, una mkusanyiko kamili ambao mtu anaweza kuutafuta kwa nauli ya matatu. Wa 2017 una sifa ya ziada: mashindano yale ya chini ya miaka 18 hayakufanyika tena, Nairobi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ya 2021 yalifanyika katikati ya korona, kwa hiyo kadi za kuingilia na beji za wahudumu ni za watu walioshuhudia yale ambayo jiji zima lilizuiwa kuyaona.

Wapenzi wa magari watanikumbusha Safari Rally, na wana haki. Ilianza mwaka wa 1953, na katika miaka ya 1963 na 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Chochote alichopewa dereva au msoma ramani wa moja ya magari hayo kwa kumaliza ni adimu kuliko kombe la mshindi wa miaka mingine, maana matope yenyewe ndiyo yaliyoamua idadi.

Nani atunze? Nairobi imewahi kuwa na mtu aliyelijibu swali hili kwa mfuko wake. Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya, alikusanya vitabu, nguo, vito, sanaa na stempu za Afrika kwa moyo ambao serikali haikuwa nao. Mkusanyiko wake leo unaonekana kwenye jumba la Nairobi Gallery na pale Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Lakini nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali akitarajia igeuzwe kituo cha utafiti, ilibomolewa. Wakusanyaji wa medali ninaowajua wanaikumbuka sana hiyo nyumba kila unapowatajia kuikabidhi serikali kitu. Mmoja aliniambia yuko radhi kuzikwa na mkebe wake.

Siwalaumu. Ndiyo maana pendekezo langu halianzi na vitu walivyo navyo wao, linaanza na vitakavyotengenezwa. Kitabu kinapochapishwa Kenya, Sheria ya Vitabu na Magazeti inamtaka mchapishaji apeleke nakala 2 kwa Msajili. Hakuna mchapishaji aliyefilisika kwa sababu ya nakala 2. Kwa nini mwandaaji wa mashindano ya kitaifa au ya kimataifa hapa nchini asipeleke medali 2 za kila aina, za mshindi, ya mshiriki na ya mhudumu, kwa Makavazi ya Kitaifa, pamoja na ukurasa mmoja unaosema nani alichora, nani alitengeneza, zilitengenezwa ngapi na zina uzani gani? Ukurasa huo ndio ninaoutaka kuliko medali zenyewe. Miaka 40 ijayo ndio utakaomwezesha mtu kutofautisha halisi na feki, na ndio utakaompa mjane wa mkimbiaji bei ya haki badala ya bei ya mkebe wa biskuti.

Kwa zilizopo tayari, daftari la hiari linatosha: picha ya pande mbili, uzani, kipenyo, na maneno ya mwenyewe yalivyo. Anwani ya mwenye kitu isiandikwe. Hofu ya wezi ni ya kweli, na hofu ya mtoza ushuru pia ipo hata kama hakuna anayeitamka. Namba ya usajili tu, na mwenye medali abaki na nakala. Siku akiamua kuuza, awe anauza kitu chenye njia. Kazi hii ina haraka, kwa sababu kizazi cha Mexico City kinapungua. Temu alitutoka mwaka wa 2003 na Kiprugut mwaka wa 2022. Wachezaji wa 1987 ndio sasa wanaoingia umri wa kuulizwa maswali, na baadhi yao wanakaa mitaa hii hii ya Eastlands, wanapanda matatu na sisi.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa Kombe la Afrika la 2027. Medali za washindi ni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, na hatuna usemi juu yake. Ila beji za wahudumu, medali za waokota mipira na kila kitakachoagizwa kwa pesa za umma viko mikononi mwetu, na kifungu cha vipande 2 na ukurasa mmoja kinaweza kuingizwa kwenye mkataba wa ununuzi kabla ya mzabuni kuwasha mashine. Baada ya fainali, masalio yatauzwa kwa kilo au yatabaki kwenye stoo ya mtu, na itabidi tuyafuate kwa mama wa mitumba.